Umejuaje? Somo la Namba 2,147,483,647

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea, nakuomba usome kwa sauti namba iliyo katika kichwa cha makala hii. Usiisome tarakimu moja moja kama mtu anayetaja namba ya simu. Isome nzima, kama mweka hazina anavyosoma fedha mbele ya wenye fedha zao: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba.

Huenda umefundishwa kusema "elfu mia nne themanini na tatu". Hivyo navyo husemwa, ila mna mtego ndani yake: msikilizaji mmoja anaweza kusikia 483,000 na mwingine akasikia 400,083. Ndiyo maana wasemaji wengi huliweka neno elfu mwisho, au hutumia neno laki, ambalo ni 100,000, wakasema "laki nne na themanini na tatu elfu". Lugha ina adabu yake ya kuhesabu, na adabu hiyo ipo ili watu waliokaa mkutano mmoja wasije wakatoka kila mmoja na jumla yake.

Nimeichagua namba hii miongoni mwa namba zisizo na ukomo kwa sababu hunisaidia kufundisha jambo moja ambalo ni la lugha, la hisabati na la uraia kwa pamoja. Jambo lenyewe limo katika swali la neno moja: umejuaje?

Maana ya tasa

Huku kwetu Uganda hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi wa Kiswahili huchelewa kukutana na msamiati wa hesabu, au asikutane nao kabisa. Ngoja nikupe maneno machache. Namba inayogawanyika kwa 2 bila baki huitwa shufwa. Isiyogawanyika hivyo huitwa witiri. Maneno haya yametoka katika Kiarabu, na Waislamu miongoni mwenu watalitambua la pili kutokana na sala ya witri, ambayo idadi ya rakaa zake huwa 1, 3, 5 na kuendelea. Namba inayoigawa nyingine bila kuacha baki huitwa kigawo chake. Na namba kubwa kuliko 1 isiyo na vigawo vingine ila 1 na yenyewe, vitabu vya shule vya Tanzania huiita namba tasa.

Tasa ni kiumbe asiyezaa. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike aliwahi kuniambia kwamba neno hilo linamkera, kwa kuwa alikulia katika ujirani ambamo mwanamke mmoja alisimangwa kwalo miaka mingi. Nilimwambia kwamba ana haki ya kukereka, kisha nikamwomba atazame neno hilo linavyotumika katika hesabu. Namba tasa haina upungufu wowote. Namba nyingine zote zimejengwa kwazo: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 35 ni 5 mara 7. Ivunje namba yoyote vipande vipande, na mwishoni utabaki na namba tasa tu, kama vile nyumba ikibomolewa yote hubaki matofali. Mwanafunzi yule alitabasamu, akasema kwamba basi huyo asiyezaa ndiye mzazi wa wote.

Ukitaka kuuona utasa kwa macho, chukua maharage 12 uyapange mezani. Yatakubali safu 3 za maharage 4, au safu 2 za maharage 6. Ongeza harage moja yawe 13. Sasa panga upendavyo. Daima utabakiwa na harage lisilo na mahali, isipokuwa uyapange yote katika mstari mmoja. 13 ni tasa. Wanahisabati wanatuambia kwamba hata ungekuwa na maharage 2,147,483,647, ghala zima, hali ingekuwa hiyo hiyo: hakuna mpango wa safu zilizo sawa utakaoyatosheleza. Hilo ni dai kubwa, na mtu mwenye akili timamu hawezi kulipokea kabla ya kuuliza lilivyojulikana.

Shilingi za mwezi mmoja

Tuanze na asili ya namba yenyewe, kwa kuwa ni nyepesi kuliko sura yake. Tuseme rafiki yako anakupa shilingi 1 leo, shilingi 2 kesho, shilingi 4 keshokutwa, shilingi 8 mtondo na shilingi 16 mtondogoo. Kiswahili kina jina la kila moja ya siku hizo. Yahifadhi majina hayo, kwa maana hata wazawa wa lugha wameanza kuyasahau. Jioni ya mtondogoo utakuwa na shilingi 31. Siku inayofuata rafiki yako atakupa shilingi 32. Unaona? Jumla uliyo nayo imepungua shilingi 1 tu kuifikia zawadi ya kesho yake, na hivyo ndivyo itakavyokuwa kila jioni. Aendelee kukupa kwa mwezi wenye siku 31, na usiku wa siku ya mwisho utahesabu shilingi 2,147,483,647 kamili, bila kuzidi wala kupungua.

Kwa lugha ya wanahisabati, hii ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Maana yake, chukua 2 thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha uondoe 1. Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Ufaransa ambaye tutakutana naye hivi punde. Kipeo kisipokuwa tasa, namba inayopatikana nayo haiwi tasa. Kipeo kikiwa tasa, hapo hakuna ahadi. Vipeo 2, 3, 5 na 7 hutoa 3, 7, 31 na 127, ambazo zote ni tasa, na mtu mwenye haraka angetangaza kanuni. Lakini kipeo 11 hutoa 2,047, nayo ni 23 mara 89. Kwa hiyo kujua kwamba 31 ni tasa hakutuambii lolote la hakika kuhusu namba yetu. Inabidi kazi ifanyike.

Waliosema na waliojua

Mwaka 1588 Pietro Cataldi wa Bologna, Italia, alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba vipeo 17 na 19 hutoa namba tasa, yaani 131,071 na 524,287. Alitumia njia ya jasho. Ikiwa namba ina vigawo viwili vinavyozidishana kuifanya, kimoja wapo hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 524,287 ni 724 na ushei, kwa hiyo ilimpasa agawe kwa kila namba tasa hadi 724. Aligawa, kila mara akaona baki, akaandika. Mtu yeyote mwenye karatasi na subira angeweza kuifuata kazi yake hatua kwa hatua.

Kisha Cataldi aliongeza madai mengine: kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo hutoa namba tasa. Madai haya hayakuwa na uthibitisho. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alionyesha kwamba kipeo 23 hutoa namba inayogawanyika kwa 47, na kipeo 37 hutoa namba inayogawanyika kwa 223. Karne moja baadaye, Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba ile ya kipeo 29 hugawanyika kwa 233. Katika madai manne, matatu yalianguka. Likabaki la 31.

Nakuomba utulie hapa, msomaji wangu, maana hapa ndipo kiini cha somo. Cataldi alisema kweli kuhusu 31. Namba 2,147,483,647 ilikuwa tasa siku aliyoitaja, kama ilivyo tasa leo. Je, alijua? Kiswahili hutofautisha vitenzi kusema, kudhani, kukisia, kuamini na kujua, nasi tusivichanganye. Mtu anayetaja vipeo vinne kwa sauti ile ile ya uhakika, na vitatu vikawa uongo, hakujua hata kile cha nne. Alikisia, na kisio likaangukia penye ukweli. Msikilizaji wa wakati ule hakuwa na njia ya kuutenga ukweli mmoja na makosa matatu, kwa sababu yote manne yalikuja yamevaa nguo za aina moja.

Mwaka 1644 akatokea Marin Mersenne, mtawa aliyeishi Paris na kuandikiana barua na wataalamu wa Ulaya nzima. Alichapisha orodha ya vipeo ambavyo, kwa kauli yake, hutoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwamba hadi 257 hakuna vingine. Mersenne alikuwa mtu mwenye heshima na elimu kubwa, na orodha yake ikapokewa. 31 imo. Bado swali lilikuwa lile lile.

Jibu lilipatikana mwaka 1772. Euler alikuwa St. Petersburg, Urusi, mzee wa miaka 60 na ushei, macho yake yakiwa yamepoteza karibu nuru yote. Kwa njia ya Cataldi ingempasa kugawa kwa namba tasa zote hadi 46,340, nazo ni zaidi ya 4,700. Yeye alianza kwa kuuliza: kama namba hii ina kigawo kilicho tasa, kigawo hicho kitakuwa cha namna gani?

Tumtazame kwa kutumia 2,047, ambayo tunavijua vigawo vyake. Kipeo chake ni 11. Gawa 23 kwa 11, baki ni 1. Gawa 89 kwa 11, baki ni 1. Sasa zigawe kwa 8: 23 huacha 7, na 89 huacha 1. Hiyo si bahati. Kila kigawo kilicho tasa cha namba ya Mersenne yenye kipeo kilicho tasa na witiri, ukikigawa kwa kipeo hicho, huacha 1. Na ukikigawa kwa 8, huacha 1 au 7. Kwa namba yetu yenye kipeo 31, masharti haya mawili yakiunganishwa husema hivi: kigawo chochote kilicho tasa, kikigawanywa kwa 248, lazima kiache 1 au 63. Hadi 46,340, namba zinazotimiza sharti hilo na kustahili kujaribiwa hazizidi 372, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo huachwa. Ya kwanza ya kujaribu ni 311. Gawa mwenyewe: 2,147,483,647 kwa 311 ni 6,905,092, baki 35. Haigawanyiki. Inayofuata ni 1,303, na safari inaendelea. Euler aliimaliza safari hiyo, asipate kigawo hata kimoja. Tangu siku hiyo, utasa wa namba hii ukaacha kuwa kauli ya mtu fulani, ukawa jambo ambalo wewe na mimi tunaweza kulikagua mezani.

Na orodha ya Mersenne je? Mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa alithibitisha kwamba kipeo 67 hakifai, ingawa hakuvipata vigawo vyenyewe. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, kasisi wa Kirusi, alithibitisha kwamba kipeo 61, ambacho Mersenne alikiacha, kinafaa. Mnamo Oktoba 1903 Frank Nelson Cole alionyesha, katika mkutano wa wanahisabati jijini New York, kwamba namba ya kipeo 67 ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alikwenda ubaoni, akaandika upande mmoja namba ya Mersenne, upande wa pili akazidisha zile mbili, majibu yakalingana, akarudi kukaa. Vipeo 89 na 107 navyo viliachwa na Mersenne bila haki, na 257 iliingizwa bila haki. Orodha yote ilikamilika kusahihishwa mwaka 1947, miaka 303 baada ya kuchapishwa.

Heshima ya Mersenne haikuiokoa 67. Na 31 haikuhitaji heshima ya mtu.

Kiambishi kidogo chenye nguvu

Sasa turudi kwenye sarufi. Kiambishi -je kikifungwa mwishoni mwa kitenzi huuliza namna: umefikaje, wamelipaje, tutaishije. Umejuaje huuliza njia iliyokufikisha kwenye ujuzi wako. Lakini wewe unayejifunza lugha ujue pia kwamba swali hili, likitupwa vibaya, huumiza. Mdogo akimwambia mkubwa "umejuaje?" kwa sauti kavu, ataonekana anamwita mwongo. Kiswahili kina njia za kulifunika kwa adabu bila kulipunguza uzito. Sema: "Samahani mzee, naomba nielezwe tulivyofika hapo." Au utumie nafsi ya wingi: "Tumejuaje?" Ukisema tumejuaje, unaingia mwenyewe ndani ya swali, hesabu inakuwa yetu sote.

Nitakupa mfano kutoka mtaani kwangu. Tuna kikundi cha kuweka na kukopa, na mwishoni mwa mwaka hugawana. Mwaka mmoja mweka hazina, kijana mwadilifu, alisoma jumla: shilingi 3,120,000. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mzee anayeuza ndizi, ambaye sote humwita Jajja, hakupiga. Hajui kusoma. Alisema kwa upole, "Mwanangu, tumejuaje?" Kisha akaomba kurasa zisomwe moja moja, naye kwa kila shilingi 10,000 akaweka harage moja kwenye ungo. Wengine walinung'unika, jua lilikuwa linazama. Kurasa zilipokwisha tukahesabu maharage, yakawa 321. Daftari lilisema 312.

Hapakuwa na mwizi. Mweka hazina alipokuwa akihamisha jumla kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, tarakimu mbili zilibadilishana nafasi, na fedha zilikuwa 3,210,000. Nikuongezee siri ya wahasibu: tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti itakayotokea hugawanyika kwa 9 daima. Tofauti yetu ilikuwa 90,000. Kijana yule alimshukuru Jajja kuliko mtu mwingine yeyote pale, kwa sababu alielewa upesi kwamba bila maharage yale, siku moja tofauti ile ingegunduliwa, na mtaa mzima ungemwita mwizi. Ukaguzi ulimlinda yeye kabla ya kutulinda sisi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naona daftari lenyewe bila mkaguzi linaweza kupotea vilevile. Raia mwema si yule anayemshuku kila mtu. Mwenye shuka ya namna hiyo hukataa hata hesabu iliyo sahihi, na hivyo haagui lolote. Raia mwema huomba kuonyeshwa kazi, na akishaonyeshwa na kuridhika, hukubali, hata kama matokeo hayakumpendeza. Matokeo ya kura yakibandikwa ukutani kituo kwa kituo, bajeti ya shule ikisomwa kifungu kwa kifungu, tunapewa nafasi aliyotupa Euler: kufuata hatua na kufika wenyewe. Tukipewa jumla peke yake, tumepewa orodha ya Mersenne. Huenda ni sahihi. Huenda ndani yake mna 67.

Itatusaidia nini?

Najua swali linalokuja, kwa sababu huulizwa kila mwaka: mwalimu, namba hii itatusaidia nini? Wewe si wa kwanza kuliuliza. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika juu ya namba timilifu inayotokana na namba yetu. Namba timilifu ni ile iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3, au 28, ambayo ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Ukizidisha 2,147,483,647 kwa 1,073,741,824 hupata namba timilifu yenye tarakimu 19. Barlow alitabiri kwamba hakuna atakayepata kubwa zaidi kamwe, kwa kuwa ni vitu vya kustaajabisha tu visivyo na faida, na nani angejisumbua? Mwaka 1876 Lucas huyo huyo alithibitisha kwamba kipeo 127 hutoa namba tasa yenye tarakimu 39, na utabiri ukaanguka. Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya kipeo 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana katika mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao, ulioanzishwa mwaka 1996. Nao, kabla ya kutangaza, huirudia hesabu kwa mashine na programu tofauti. Wanaulizana: tumejuaje?

Ama faida, ilikuja kwa mlango ambao Barlow hakuuona. Kompyuta huandika kila kitu kwa 0 na 1. Kwa miaka mingi, sehemu ya kawaida ya kuhifadhi namba ilikuwa na nafasi 32, moja ikitumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Jaza zote kwa 1, kama unavyojaza 9 katika 999, na utapata namba kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia humo: 2,147,483,647. Mwaka 2014 video ya wimbo wa Gangnam Style wa PSY ilitazamwa mara nyingi kupita kiasi hicho, na YouTube ikalazimika kutumia nafasi 64.

Jambo zito zaidi ni saa. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa siku ya 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Zile zinazotumia nafasi 32 zitafika ukomo Jumanne, 19 Januari 2038. Hapa Kampala, kama ilivyo Nairobi na Dodoma, itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi. Kwa ndugu zetu wa Kigali na Bujumbura itakuwa saa kumi na moja na dakika hizo hizo, alfajiri. Sekunde itakayofuata, mashine isiyorekebishwa itageuza namba kuwa hasi na kudhani kwamba ni Ijumaa, 13 Desemba 1901. Fikiria daftari la vizazi au la pensheni linaloamini hivyo. Kuna kazi ya kurekebisha, na miaka ya kuifanya ipo, mradi wenye mashine hizo waulizwe mapema.

Nisikudanganye, lakini: ukomo huo hautokani na utasa. Umetokana na nafasi 31. Ukomo wa nafasi 64, ambao ni 2 kwa kipeo cha 63, toa 1, si namba tasa hata kidogo. Hugawanyika kwa 7. Utasa una kazi yake mahali pengine. Chukua namba tasa ndogo, 7. Anza na 1, zidisha kwa 3, na kila jibu ligawe kwa 7 ubaki na baki: 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha unarudi 1. Umepita kila mahali. Fanya vivyo hivyo kwa 8, ambayo si tasa: 1, 3, 1, 3, na umekwama. Wataalamu wa kompyuta walitumia 2,147,483,647 mahali pa 7 na kizidishio 16,807 mahali pa 3, wakapata mfululizo unaopita namba 2,147,483,646 bila kurudia hata moja, unaoonekana kama umechotwa kwa kubahatisha. Njia hiyo ilitumika sana kwa majaribio ya kisayansi, ingawa leo ziko zilizo bora zaidi.

Kwa hiyo wiki hii nakupa kazi tatu, msomaji mpenzi. Isome namba hii kwa sauti mbele ya mtu mpaka aiandike bila kukosea. Chukua karatasi uigawe kwa 311, kisha kwa 1,303, bila simu, uone baki kwa macho yako. Na popote utakaposomewa jumla, iwe ya kikundi, ya kanisa, ya msikiti au ya kijiji, omba kwa adabu kuonyeshwa ilivyopatikana. Ukijibiwa vizuri, shukuru na ukae.